Maharage ya Alhamisi

Alhamisi, 6 Novemba 1997

Sista Josefina kanipa daftari. Kasema, "Scola, wewe umemaliza la saba, andika kila siku. Andika yako, na ya mama mkwe wako asiyejua kuandika." Nikamwambia, Sista, nina shamba, nina mtoto, nina mume anayengoja kuwekewa hata maji ya kunawa, niandike saa ngapi? Akacheka. Masista wakitaka jambo lao hucheka tu. Haya, naandika.

Mama mkwe wangu ni Nyanzala. Mimi namwita mayu, kama tunavyowaita mama zetu sisi Wasukuma. Mwezi wa tano walimkata mapanga kule tulikotoka, jioni, akiwa jikoni anapuliza moto. Walisema ni mchawi kwa sababu macho yake mekundu. Ni mekundu kweli. Kapikia kinyesi cha ng'ombe tangu aolewe, moshi ule ungemwacha na macho gani? Mume wangu Malale alipanda treni akaenda kumchukua, akamleta hapa Mwamkulu akiwa na bandeji begani na sikio moja pungufu. Mkono wa kulia haupandi kupita kifua. Kulala halali. Anakaa kaegemea mlango, anasikiliza. Ukidondosha mwiko anaruka.

Kwa hiyo kila Alhamisi nampeleka kwa masista, Mpanda mjini. Tupo wanawake wachache, kila mmoja na lake. Sista alipitisha bakuli la maharage makavu. Kila mtu achukue punje kadiri anavyojiamini kwamba ataivuka wiki hii. Unajiamini sana, chukua nyingi. Hujiamini, chukua chache au acha. Kisha akatupa vitambaa vyeupe tufungie. "Moyo ukikushika, fungua, zishike, ujikumbushe kwamba ulisema utaweza."

Mimi nilichukua konzi nzima ili yaishe tuondoke. Mayu hakuchukua hata moja.

Ijumaa, 7 Novemba

Maharage yangu nimeyapika. Chakula ni chakula.

Alhamisi, 13 Novemba

Jua kali. Mayu hakuchukua.

Alhamisi, 20 Novemba

Kuna mama mmoja wa Kibende kwenye kundi letu, anaitwa Katarina. Kwao ni Kasekese. Mume wake aliliwa na simba akilinda mahindi, na tangu siku hiyo Katarina anaishi kwa binti yake kule mjini, shamba lake kaliacha likawa pori. Anasema ile njia ya shambani hataki hata kuifikiria. Lakini mdomo! Huyo mama angeongea hata na ukuta. Leo alikaa karibu na Mayu, akatoa kopo la ugoro, akanusa, akapiga chafya tatu, akamsukumia Mayu kopo bila kusema neno. Mayu akanyoosha mkono wa kushoto. Halafu akasema, "Unisamehe, huu wa kulia hauendi."

Katarina akamjibu, "Ugoro haujui mkono gani."

Mayu akacheka. Mimi niko naye miezi sita, nimemwogesha, nimemlisha kama mtoto, sijawahi kuona meno yake. Nilifurahi na nikakasirika papo hapo. Mambo ya ajabu haya.

Alhamisi, 27 Novemba

Mvua ya kwanza. Mayu kachukua punje moja.

Jumapili, 30 Novemba

Kitambaa cheupe cha Mayu kimeshapotea njia. Binti yangu Kabula kamvalisha mwanasesere wake wa gunzi, na bibi ndiye aliyempa. Punje yake Mayu kaifungia kwenye kipande alichochana kwenye kaniki yake. Nikamwambia, Mayu, nguo nyeusi na fundo? Akasema, "Mimi nina nguo gani nyingine?" Basi, nikaendelea na kazi.

Alhamisi, 11 Desemba

Leo Mayu kasema. Kasimulia yote, kwa Kisukuma, taratibu kama mtu anayechambua mchele. Sista aliniomba nitafsiri. Nilitafsiri nusu. Ilipofika pale alipoitambua sauti ya mmoja wao, kwamba ni kijana ambaye Mayu mwenyewe alimnyonyesha utotoni, mama wa kijana alipougua, nilishindwa, nikabaki natazama sakafu. Katarina hajui Kisukuma hata neno. Alikuwa kamshika Mayu mkono ule mbovu muda wote na machozi yanamtoka.

Mayu kachukua punje za kujaza kiganja.

Ijumaa, 12 Desemba

Kalala mpaka jua limetoka. Nilienda mara mbili kuangalia kama anapumua.

Jumanne, 16 Desemba

Mwandu kaja na kichanga chake mgongoni. Ndiye jirani yetu, mume wake ni Lyamba, mtemi wa sungusungu, mkuu wa ulinzi hapa kijijini. Mayu katengeneza togwa mwenyewe, kwa mkono mmoja. Akateka kwenye kata, akaonja kwanza Mwandu akimwona, ndipo akampa. Kwetu ndivyo. Mgeni hanywi mpaka aone mwenye nyumba kaanza, ili moyo wake utulie.

Mwandu alipoondoka Kabula akauliza, "Bibi, mbona ya kwetu huonji?"

Mayu akambana pua. "Nyie ni tumbo langu mwenyewe. Nitawaonjea nini?"

Kama siku zote zingekuwa kama leo, Sista nisingemwandikia kitu.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Mvua.

Ijumaa, 2 Januari 1998

Mvua. Redio ya Lyamba inasema inaitwa Elnino. Hata jina lina kiburi.

Alhamisi, 8 Januari

Mvua. Maji yamefunika barabara, hatukwenda kwa Sista. Mayu alivaa, akakaa mlangoni na kibunda chake cha kaniki mkononi mpaka mchana, akingoja maji yapungue.

Jumatano, 14 Januari

Tunapandikiza mpunga. Majaruba yamejaa kupita kiasi, miche inaelea. Malale kasema tupandikize hivyohivyo. Haya.

Jumamosi, 17 Januari

Paa la upande wa Mayu linavuja. Malale kaita watu, Lyamba kaja na vijana, wanawake tukasomba nyasi. Mwandu naye kaleta mzigo wake, mtoto mgongoni. Vijana walipofumua nyasi za zamani juu ya kitanda cha Mayu, kikaanguka kibunda cha kaniki alichokichomeka humo, mafundo manne, pwa! miguuni mwa Mwandu.

Kila mtu akaacha alichokuwa anafanya. Mimi nikacheka. Naapa nilicheka, sikuona kwamba wao wanaona uchawi. Nikakiokota, nikafungua, "Maharage haya, jamani, ya kwa masista!" nikawaeleza habari yote, kujiamini, wiki, bakuli. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia mjinga. Ukiyasema kwa masista yanaeleweka. Ukiyasema juani mbele ya watu wenye nyasi kichwani, hayaeleweki.

Lyamba akasema kwa upole, "Maharage yanakaa kwenye chungu, mke wa Malale. Hayakai kwenye paa."

Mwandu alitua mzigo wake, akakaza nguo ya mtoto, akaondoka bila kuaga.

Nilimwambia Mayu, basi tuyapike yaishe. Akakataa. "Sista kasema niyashike." Sasa anayafunga kiunoni, ndani ya nguo. Mtu mzima huyu!

Alhamisi, 22 Januari

Maji. Hatukwenda.

Alhamisi, 29 Januari

Maji. Hatukwenda. Mayu kaanza tena kukaa mlangoni.

Jumanne, 3 Februari

Mtoto wa Mwandu ana homa. Nusu ya kijiji wana homa, mbu wamekuwa wengi kuliko mpunga. Zahanati dawa zimekwisha na lori halipiti. Nilipeleka uji. Mwandu aliupokea, akaushukuru, akauweka pembeni. Hakumpa mtoto.

Jumatatu, 9 Februari

Mtoto wa Mwandu kafariki alfajiri. Tulikwenda kuzika. Mayu alitaka kwenda, Malale akamwambia abaki. Mama yake mzazi, kamwambia abaki, na mama akabaki.

Alhamisi, 12 Februari

Kisimani nimewasalimu asubuhi, "Mwangaluka". Hakuna aliyeitikia. Wanawake sita, na maji yanasikika yakiingia ndooni.

Jumatatu, 16 Februari

Kabula anaungua. Hajala tangu jana. Namkanda maji, namkanda tena, mwili uleule.

Mayu kaja akanyoosha mkono wa kushoto ampokee. Nikasema, "Mwache alale, Mayu, kuna joto." Akarudi pale mlangoni. Haikuwa joto. Mvua inanyesha, hakuna joto lolote. Mimi sijui kwa nini nilisema vile. Ninajua. Sitaki kuandika.

Alhamisi, 19 Februari

Malale kabeba baiskeli begani mpaka kwenye daraja amwite Sista. Daraja lipo chini ya maji. Karudi kalowa mpaka kofia, akakaa. Lyamba kamwita Mayu mkutanoni, keshokutwa.

Jumapili, 22 Februari

Naandika ya jana. Hakuna mtu mwingine wa kumwambia.

Walikaa uwanjani kwa Lyamba, wanaume mbele, sisi wanawake pembeni, wingu jeusi juu. Mayu kakalishwa kigoda katikati. Nilikuwa na Kabula mgongoni, anachemka, kichwa kimelala begani kwangu. Lyamba alisimama. Macho yamemvimba, alizika juzijuzi. Sikuweza hata kumchukia. Alisema, "Sisi hapa hatukati mtu panga. Aliyekimbia panga kaja kwetu tukampokea. Tunataka kujua tu, hiki ni kitu gani." Mayu akafungua kibunda kiunoni, akakiweka chini.

Nikaruhusiwa kusema. Nikasema tena habari ya Sista na bakuli. Mzee mmoja akauliza, "Na wewe ulipewa?" Nikasema ndiyo. "Yako yako wapi?" Nikasema niliyapika. Watu wakanong'ona. Mtu nyuma akasema, "Ya mmoja ni mboga, ya mwingine yanalala kwenye paa." Na mimi nilikuwa nimeyapika siku ya pili tu! Ningeyatunza ningekuwa na cha kuonyesha. Nilimtazama Malale. Malale alikuwa anachora chini na kijiti.

Ndipo Mayu akasema mwenyewe, kwa sauti ile ya siku ya kwa masista, "Yapikwe. Nitakula mbele yenu."

Kikaletwa chungu, ukawashwa moto wa wazi chini ya mabati upenuni kwa Lyamba. Maharage makavu hayaivi upesi. Tulikaa. Watu wazima, wenye ng'ombe, wenye wajukuu, tulikaa tukingoja konzi moja ya maharage iive. Mvua ikaja, ikapita. Mtu akakohoa. Mayu alikuwa anatazama chungu, na nilimwona anatulia, kweli nilimwona. Mabega yalishuka. Alikuwa anafanya alichofundishwa, nadhani. Alikuwa anajiambia ataweza.

Yalipoiva akayala, punje moja moja, kwa mkono wa kushoto. Akabakiza.

Lyamba akasema, "Mwenye dawa haimdhuru dawa yake. Ale mtu wa nyumba yake."

Wote wakanigeukia mimi. Mimi ndiye niliyesema ni maharage tu. Mayu kainua bakuli kwangu, na uso wake ulikuwa umefurahi, Mungu wangu, umefurahi, kwa sababu alijua jambo limekwisha. Alijua Scola atakula.

Mkono wangu haukwenda.

Nilisikia pumzi ya Kabula shingoni, moto. Nikafikiria mtoto wa Mwandu. Nikafikiria togwa. Nikafikiria, mbona alikataa kuyapika nilipomwambia? Ni muda mfupi, mtu angeweza kusema nilikuwa namrekebisha mtoto mgongoni. Kisha nikachukua, nikatia mdomoni, nikatafuna, nikameza. Yalikuwa maharage. Lakini Mayu alikuwa ameshaniona. Uso ulijifunga, bakuli likashuka mapajani. Hakunitazama tena.

Lyamba akawaambia watu, "Mmeona." Akalisema taratibu, kama mtu anayesikitika.

Tumetengwa. Hakuna kutusalimu, hakuna kutupatia moto wala chumvi, hakuna kutusaidia shambani, anayevunja atozwe ng'ombe. Mpaka bibi aondoke.

Njiani nilitaka kumtukana Malale kwa kijiti chake. Sikuweza, maana ningesema nini?

Alhamisi, 26 Februari

Homa ya Kabula imeshuka. Kaomba uji. Ni malaria tu, kama ya watu wote, imepita. Nimemwambia Mayu, "Kapona." Akasema, "Vizuri."

Jumatano, 4 Machi

Mayu hagusi chungu. Hagusi mtoto. Kabula akimkimbilia anainuka. Nimemwomba msamaha kwa kupiga magoti. Kanishika kichwa akasema, "Hujakosa kitu, una mtoto." Angenitukana ningepona.

Jumanne, 10 Machi

Palizi peke yetu. Magugu yamezidi mpunga.

Jumamosi, 14 Machi

Maji yamepungua. Sista Josefina kafika na pikipiki, tope mpaka magotini, na Katarina nyuma kamshikilia kiuno, anapiga kelele njia nzima. Nilipomweleza Sista alikaa chini palepale, kwenye udongo, akasema, "Ni mimi. Ni maharage yangu." Nilikuwa nimejiandaa kumkasirikia wiki tatu nzima, hasira ikanikimbia. Alikwenda kwa Lyamba. Akapewa kigoda, akapewa maziwa, Lyamba akayaonja kwanza mbele yake kwa heshima zote, akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia hapana.

Katarina hakwenda kokote. Alikaa kizingitini na Mayu, kopo la ugoro katikati yao. Nikamsikia anasema, "Nyanzala, nataka kurudi Kasekese nikaangalie shamba langu. Peke yangu siwezi ile njia. Twende wote."

Mayu akauliza, "Na simba?"

"Simba atakula mmoja, mwingine atakimbia kusema."

Wakacheka, vikongwe hawa wawili, mpaka ugoro ukamwagika.

Jumatatu, 16 Machi

Wameondoka na lori la mahindi. Mayu alibeba kibuyu, mkeka, na kaniki zake. Kabula alilia. Malale alimpandisha mama yake kwenye lori, akashika ubao mpaka dereva akamwambia aachie.

Jumanne, 17 Machi

Kisimani wameitikia. "Mwangaluka, Scola." Mwandu kaniletea chumvi, kalia begani kwangu. Nikaipokea. Nikamwitikia. Ningefanyaje, na palizi ile?

Alhamisi, 2 Aprili

Nimekwenda kwa Sista peke yangu. Bakuli halipo tena, sasa tunazungumza tu. Sista kauliza najisikiaje. Nikasema mpunga umechelewa.

Alhamisi, 16 Aprili

Mvua kidogo.

Jumapili, 3 Mei

Tumeanza kuvuna. Watu wamekuja wengi kusaidia, wameimba. Lyamba mwenyewe kafunga matita. Wazuri wote. Nimewapikia wote, nimeonja kwanza mbele yao.

Jumamosi, 23 Mei

Nimetoka Kasekese. Nilikwenda na Kabula, na mchele mpya kwenye mfuko.

Shamba limefyekwa, si lote. Katarina anaamka alfajiri, anapita ile njia akiwa kamshika Mayu kiuno, wanaimba kwa sauti kubwa ili simba asikie na ajue ni wehu. Mayu analala. Katarina kasema anakoroma mpaka kuku wanahama. Ule mkono umeanza kupanda, kanionyesha, unafika kwenye kidevu. Nilitazama, nikataka kulia. Nilimpeleka kwa masista kila Alhamisi kwa miguu ili siku moja awe hivi, na kawa hivi mahali ambapo mimi sipo.

Alitupikia ugali na maharage. Akapakua, akaweka sahani mbele yetu. Kisha akachota kidogo kwa vidole, akala kwanza, sisi tukimwona. Ndipo akatusogezea.

Kabula akashangaa. "Bibi, mbona unatuonjea? Sisi ni wageni?"

"Kula, mjukuu wangu," Mayu akasema, "mmetoka mbali."

Nilitia mkono upesi, kabla ya Kabula, kabla ya mtu yeyote, nikaunguza vidole. Lakini Mayu alikuwa ameinamia moto, anasogeza kuni, hakuona.